Kifua cha Mwanamke wa Chuma

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, malori yalipokuwa yameshajua kufa na kuozea kando ya barabara, palikuwa na mji uitwao Kwekibuyu. Mji wenyewe ulikaa kwenye mteremko. Juu kilima, chini mto, katikati watu. Nyuma ya kilima palikuwa na jaa, na jaa hilo lilikuwa kubwa kuliko soko, maana watu wa Kwekibuyu walijua kununua lakini walijua zaidi kutupa.

Walikuwa na mila tatu. Zishikeni vizuri, mkiachia hata moja hadithi itawaponyoka, kisha mtakuja kunilaumu mimi.

Mila ya kwanza ilikuwa ya taka. Mtu wa Kwekibuyu akichoka na kitu chake hakukitupa ovyo. Alikitoa nje, akakiweka kando ya njia, akakiinamisha kifudifudi. Sufuria iliyosimama ina mwenyewe. Sufuria iliyoinama haina. Mpita njia akiipenda, husimama akaita mara tatu: "Kimeagwa?" Asipojibiwa, huchukua, na tangu hapo mwenye kitu hata arudi na machozi ndoo nzima, hana chake. Walisema: kilichoinamishwa kimeagwa.

Mila ya pili ilikuwa ya mto. Juu kabisa, kwenye nyumba ya mwisho kilimani, ilining'inia ringi ya lori. Mto ukifurika, mlinzi huigonga kwa nyundo, na watu wote hukimbilia kule inakolia, kwa kuwa inakolia ni juu, na juu hakuna maji. Watoto wa mji ule walifundishwa neno hili kabla ya kufundishwa kuhesabu: mlio hauulizwi, mlio hufuatwa.

Mila ya tatu ilikuwa ya jembe. Hiyo ngojeni. Itakuja yenyewe, na itakuja na msiba.

Basi katika mji ule aliishi mwanamke aitwaye Mwanakheri, na yeye peke yake katika Kwekibuyu nzima hakuwa mtupaji. Alikuwa mwokozi. Vilivyoagwa na wenzake yeye alivikaribisha. Alitengeneza kuku kwa vifuniko vya soda, mbuzi kwa minyororo ya baiskeli, kobe kwa karai lililotoboka. Mwanzo walimcheka. "Mwanakheri kaolewa na jaa," walisema, "na mahari kalipiwa misumari." Kisha wageni wakaanza kusimama mlangoni pake wakishangaa, na wale wale waliocheka wakawa ndio wanaowaleta wageni na kusema, "Huyu ni wetu."

Mwanakheri hakuchagua chuma kwa macho. Alikitundika, akakigonga, akasikiliza. Chuma chenye ufa, alisema, hulia kama mtu mwenye mafua. Masikio hayo aliyapata kwa mama yake, Bi Mize, aliyekuwa kipofu mwaka wa ishirini huo. Kila alasiri walikaa wawili uani, mmoja anagonga, mmoja anahukumu.

"Hiki kizima," Bi Mize husema. "Hiki kimeoza ndani, kirudishe kwa wenzake. Na hiki nacho, we Mwanakheri, hiki si chuma, unanigongea ndoo ya plastiki!"

Wakacheka. Hawakuwa na mtu mwingine duniani, mama na mwana, na kucheka kwao kulisikika mpaka kwa majirani.

Mwaka mmoja Mwanakheri akaanza sanamu kubwa kuliko zote. Mwanamke abebaye mtungi, kimo chake watu wawili mmoja juu ya mwenziwe. Miguu mabomba ya maji. Sketi mabati ya paa. Vidole vijiko. Nywele minyororo. Mikono ameikunja mbele kama mtu anayengoja kupokea mtoto. Kila kitu kilipatikana isipokuwa kifua. Alijaribu beseni, likalia kizembe. Alijaribu sinia, likalia kama mlevi. Akajaribu mfuniko wa pampu, Bi Mize akauhukumu kuwa una ufa. Miezi minne Mwanamke wa Chuma alisimama uani hana kifua, ukimtazama mbele unaona nguo zilizoanikwa nyuma yake, na Mwanakheri alikuwa halali vizuri kwa sababu hiyo.

Sasa sikieni habari za Mzee Semhando, mlinzi wa ringi ile ya kilimani. Kamba ya ringi ilikuwa imeoza. Mzee akasema ataishusha, aitafutie mnyororo. Akaishusha, akaiweka nje kando ya njia. Na ringi, jamani, ni kitu cha duara. Ukiisimamisha kwenye mteremko itabiringika mpaka mtoni na njiani itavunja mguu wa mbuzi wa mtu. Mzee Semhando akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akailaza kifudifudi. Akaingia ndani kutafuta mnyororo. Akaona kitanda kabla ya kuona mnyororo, akajinyoosha kidogo, na usingizi ukampitia.

Akatokea Mbaruku, mwokota vyuma, na mkokoteni wake. Akaiona ringi. Ipo kando ya njia, na imeinama. Moyo ukamruka, kwa maana alijua Mwanakheri anatafuta nini. Akasimama akaita kama mila inavyotaka, mara tatu, hakupunguza hata moja. Lakini jinsi alivyoita! Aliita kwa sauti ambayo mama humwita baba sebuleni wakati mtoto mchanga ndio kwanza amelala.

"Kimeagwa?" Kimya. "Kimeagwa?" Kimya. "Kimeagwa?"

Akapakia, akashuka nayo mbio.

Mwanakheri akaitundika ringi kwenye ndoana, akaigonga mara moja tu. Ngaaa! Mlio ukaenda ukutani, ukarudi, ukakaa ndani ya mifupa yake. Alijua. Msije mkadanganywa na mtu, Mwanakheri alijua papo hapo. Nani wa Kwekibuyu asiyejua ule mlio? Aliusikia mara moja tu katika maisha yake, miaka kumi na mmoja nyuma, mto ulipofurika, na usiku ule ndio aliombeba mama yake mgongoni mpaka kilimani.

Bi Mize alikuwa ameacha kutafuna tambuu.

"Gonga tena," alisema. Mwanakheri akagonga. "Mwanangu, chuma hiki nakijua."

"Kiliinamishwa, mama. Kimeagwa."

"Nani kakiaga?"

"Mbaruku kaita mara tatu."

Bi Mize akanyoosha mkono, akapapasa ukingo wa ringi mpaka vidole vikafika pale nyundo ilipopiga miaka na miaka, pamebonyea na kulainika. Kisha akasema, "Haya. Kama kimeagwa, kimeagwa. Macho sina, nisije nikawa na masikio ya kusingizia watu vyuma vyao."

Na Mwanakheri hakuongeza neno. Aliifanya kazi ile kwa haraka kuliko alivyofanya kazi yoyote. Hakuichomelea ringi, maana chuma kilichochomelewa hakilii. Aliitundika kwa ndoana tatu ndani ya mbavu za mabomba, na kazi ilipokwisha Mwanamke wa Chuma akawa na kifua, na upepo ukivitikisa vile vidole vya vijiko, kifua kiliitikia kwa mbali, taratibu, kama mtu anayeguna usingizini.

Mzee Semhando alipoamka na kukuta pamebaki alama ya duara vumbini, alielewa. Sasa angefanya nini? Angeshuka mjini aseme, "Jamani, mimi mlinzi, nimelala, nimeibiwa kwa mila yetu wenyewe"? Aibu ilimwelemea. Akachukua mfuniko wa pipa, akautoboa, akaupaka udongo mwekundu na majivu mpaka ukafanana na kutu, akautundika mahali pa ringi. Aliutazama kwa mbali akaridhika. Mto ulikuwa haujafurika miaka kumi na mmoja. Nani angekuja kuugonga?

Watu wa Kwekibuyu wakampenda Mwanamke wa Chuma. Wakasema huyu asikae uani, akae mtoni, penye daraja, mgeni akiingia mji awe wa kwanza kumlaki. Wanaume kumi na wawili wakambeba. Mmoja wao alikuwa Mzee Semhando, na bega lake lilikuwa usawa wa kifua cha sanamu. Aliiona ringi yake macho kwa macho. Jasho lililomtoka siku ile watu walidhani ni la uzito.

Ikapita miezi. Ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya jua kali, anga jeupe, watu wameanika mihogo juu ya mapaa. Kwekibuyu halikudondoka hata tone. Lakini kule milimani mto unakotoka, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mto haumwambii mtu wa bondeni kilichotokea milimani.

Asubuhi Mwanakheri alimwambia mama yake, "Mama, nashuka mtoni kumsugua mwanao wa chuma. Kutu imeanza kumla miguu."

"Usichelewe," alisema Bi Mize.

Akatoka. Hajafika mbali, akakutana na Mbaruku na mkokoteni. "Dada Mwanakheri, lori limemwaga mabati jaani sasa hivi, mazuri, hayajapata kutu! Ukikawia wajenga mabanda watayamaliza." Mwanakheri akageuka. Badala ya kushuka mtoni, akapanda, akazunguka kilima, akaenda jaani. Nyumba yao ilikuwa hatua hamsini tu nyuma yake, katikati ya mteremko, mahali ambapo maji hayajapata kufika. Angeweza kurudi akasema, "Mama, nimebadili safari." Hakurudi. Ni hatua hamsini tu, na hakurudi.

Penye daraja aliketi Riziki, mkaanga mihogo. Alikuwa anageuza mihogo yake, akahisi ardhi inatetemeka chini ya kigoda. Akainua kichwa, akatazama juu ya mto, na pale kwenye kona akaona mti. Mti mzima, umesimama wima, na majani yake, unakuja. Nyuma ya mti kulikuwa na ukuta wa maji mekundu, na ndani ya ukuta kulikuwa na ng'ombe.

Riziki hakupiga kelele. Sauti ilimkauka. Alichokuwa nacho mkononi ni upawa wa chuma wa kukaangia, na kilichokuwa karibu naye ni Mwanamke wa Chuma. Akaruka akampiga kifuani kwa nguvu zake zote.

Ngaaa! Ngaaa! Ngaaa!

Na kule kilimani, wakati ule ule, Mzee Semhando naye alikuwa ameuona mto. Akashika nyundo, akaupiga mfuniko wake wa pipa. Pwa. Pwa. Pwa. Hata mbwa wake hakugeuza shingo.

Mji ukausikia mlio. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mlio hauulizwi, mlio hufuatwa. Fundi cherehani akatoka na uzi mdomoni. Kinyozi akatoka, na aliyekuwa akinyolewa akatoka na nusu ya ndevu. Kina mama wakabeba watoto, watoto wakabeba watoto. Wakakimbia wote, mji mzima, kwa utii wa miaka na miaka, wakaufuata mlio. Wakateremka!

Naam, wakateremka. Riziki aligeuza kichwa akaona mto unamjia kwa nyuma na Kwekibuyu nzima inamjia kwa mbele. Hapo sauti ikamrudi. "Juu!" alipiga ukelele. "Rudini juu! Juu!" Na mkono wake hauachi kugonga, kwa kuwa mtaa wa chini, ule wa kingoni, milango mingine ilikuwa haijafunguka bado. Wenye macho wakayaona maji, wakashtuka, wakageuka. Wa mbele wakawasukuma wa nyuma, wote wakarudi juu kwa mikono na magoti. Riziki aligonga mpaka maji yakamfika kiunoni, akaona mlango wa mwisho umefunguka na mtu wa mwisho ametoka, ndipo akautupa upawa na kushika kamba ya daraja, na vijana wakamvuta.

Mto ukaumeza mtaa wa kingoni, nyumba arobaini na mbili. Nyumba zote zilikuwa tupu, hakufa mtu ndani yake. Watu wakahesabiana kilimani, wakaanza kucheka na kulia, wakakumbatiana hata waliokuwa hawasalimiani.

Mwanakheri akatokea nyuma ya kilima, bati moja kichwani. Akauliza neno moja tu.

"Mama yuko wapi?"

Watu wakaanza kuhesabiana upya.

Maji yalipungua kesho yake asubuhi. Mwanamke wa Chuma alikuwa bado amesimama. Nywele zake zimejaa majani, mtungi umekwenda, lakini amesimama, na mikono yake ile iliyokunjwa mbele ilikuwa imeshika kitu. Mwanakheri alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama umbali wa hatua kumi, akaona khanga anayoijua. Mikono hiyo aliipinda yeye mwenyewe kwa moto na nyundo, na ndani yake alilala Bi Mize, ametulia, kana kwamba amepokelewa.

Hapa sasa ndipo penye mila ya tatu.

Kwekibuyu, mtu akifa kwa kosa la mtu, mkosaji ndiye huchimba. Haijalishi ni mwanamke au mwanamume. Jembe la makaburi huwekwa chini, na aliyesababisha kifo huliinua na kupiga pigo la kwanza mbele ya macho ya watu wote. Mpaka apatikane, hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa udongo. Na maiti hailiwi na jua mara mbili: jua likizama, marehemu awe ameshalala kwake.

Jembe lilitunzwa na Bi Nyamvula, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Alasiri hiyo alilitupa chini katikati ya watu, pu!

"Bi Mize yule pale kwenye mkeka," alisema. "Jua lile pale. Nani amemuua?"

Kisha maneno yakaanza, na yakaanza vibaya.

"Jembe si langu," alisema Mbaruku. "Mimi niliita mara tatu. Kilichoinamishwa kimeagwa. Mwacheni alichukue aliyeinamisha."

"Jembe si langu," alisema Mzee Semhando. "Niliinamisha ringi isibiringike, sikuiaga. Nilikuwa ndani! Mwacheni alichukue aliyeita kwa kunong'ona."

"Jembe si langu," alisema Riziki. "Mimi niligonga. Tungekuwa tunachimba makaburi mia tatu leo. Sikuitundika mimi mtoni."

Mwanakheri alikuwa amekaa karibu na mkeka. Wote wakamtazama. Akasema polepole, "Jembe si langu. Mimi ni mwenye msiba." Mara tu aliposema aliona haya, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Bi Nyamvula akawatazama mmoja mmoja. Akatema mate kando.

"Watoto wa siku hizi," alisema, "mnajua mila nusu, kama wimbo mnaoujua kiitikio tu. Mnaliogopa jembe? Nusu ya pili ni hii. Anayepiga pigo la kwanza, kosa lake huingia kaburini pamoja na maiti. Hataulizwa tena, na mjukuu wake hatanyooshewa kidole. Lakini wale wengine waliokuwa na sehemu yao wakaikalia kimya, wataibeba wenyewe mpaka siku yao. Jembe ni moja, na mkosaji atakayesamehewa ni mmoja. Haya, sasa semeni."

Halafu, jamani, hapo ndipo mngeona maajabu. Mikono iliyokuwa imefichwa nyuma ikatoka yote kwa pamoja.

"Jembe ni langu!" alilia Mzee Semhando, akalidaka mpini. "Nililala nikiwa mlinzi. Nikaamka, nikatundika uongo mahali pa ringi. Nikabeba sanamu begani, nikaiona ringi yangu hivi, pua kwa pua, nikanyamaza! Neno moja langu lingetosha. Miezi mitano nililala chini ya mfuniko wa pipa nikijua. Nipeni mimi, nimezeeka, sitaki kufa na hili."

"Jembe ni langu," alisema Mbaruku, naye akashika. "Nilijua nyumba ile ni ya nani. Nilijua chuma kile ni cha nini. Niliita mara tatu ili mila initetee, nikaita polepole ili mwenyewe asinisikie. Na jana ni mimi niliyemgeuza dada Mwanakheri njiani."

Riziki akashika mpini kwa mikono miwili, na mikono yake ilikuwa na malengelenge ya upawa.

"Jembe ni langu," alisema, "na nyie hamjui kwa nini. Bi Mize alinipita."

Kila mtu akamgeukia.

"Alinipita karibu hivi, na fimbo yake. Nilimwambia, Bibi, rudi, mlio wa leo ni wa chini, maji haya hapa! Akaniambia..." Riziki akamtazama Mwanakheri. "Akaniambia, 'Najua ni wa chini, mjukuu wangu. Chuma hicho nilikipapasa kwa mkono wangu. Lakini Mwanakheri yuko hapo, aliniaga asubuhi.' Nikamwambia hayupo, hakusadiki, akawa anakuita jina lako, dada. Mimi nilikuwa na mkono mmoja wa kugonga na mmoja wa kuzuia maji yasiniangushe. Ningemshika, ningeacha kugonga. Mtaa wa kingoni milango tisa ilikuwa haijafunguka. Niliihesabu. Nikaendelea kugonga, nikamwona anakwenda."

Kumbe mji mzima wenye macho ulikosea njia, na kipofu peke yake hakukosea. Alijua mlio ni wa nini, alijua unatoka wapi, alijua akishuka anakwenda kwenye maji. Alishuka kumfuata mwanawe, na mwanawe alikuwa jaani, anachagua mabati.

Mwanakheri aliinuka. Alitembea mpaka kwenye jembe, akaweka mikono yake juu ya mikono ya wote watatu.

"Jembe ni langu," alisema. "Mlio niliujua siku ya kwanza. Mama aliniuliza nani kakiaga, nikamjibu kwa mila, sikumjibu kwa ukweli, kwa sababu sanamu yangu ilitaka kifua. Na asubuhi ile zilikuwa hatua hamsini nirudi nimwambie sipo mtoni. Nimezihesabu leo. Ni hatua hamsini na mbili."

"Wewe ni mwenye msiba," alisema Mzee Semhando, machozi yakimtiririka, bila kuachia mpini. "Wewe utasamehewa na kila mtu bila jembe. Mimi nani atanisamehe?"

"Mimi niliyemwona na macho yangu ndiye nitakayemwota," alisema Riziki. "Niachieni."

"Na mimi?" alisema Mbaruku. "Mimi kila siku ya maisha yangu lazima niite 'kimeagwa' nipate kula. Nitaitaje?"

Mtu mmoja katikati ya watu akapaza sauti akasema hakuna aliyemuua, mama alikwenda kwa miguu yake. Bi Nyamvula akamkata kauli. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. "Mama akimfuata mwanawe majini hajajiua. Kuna aliyeyapeleka masikio yake huko. Mmoja achimbe, jua linakwenda!"

Na jua lilikuwa linakwenda kweli. Lilikuwa limegusa mgongo wa kilima. Bi Mize amelala kwenye mkeka, ardhi haijafunguliwa, na jembe moja limeshikwa na mikono minane, hakuna wa kuliinua na hakuna wa kuliachia.

Upepo ukavuma kutoka bondeni. Kule chini vijiko vikagongana, na kifua cha Mwanamke wa Chuma kikalia, mara moja tu. Ngaaa. Watu wote wa Kwekibuyu wakageuza vichwa. Wengine wakatazama juu, wengine wakatazama chini, na hakuna aliyekimbia, kwa sababu hakuna aliyejua tena akimbilie wapi.

Mimi hadithi yangu nimeileta mpaka hapa, kwenye mpini wa jembe, na hapa naishusha. Haijainamishwa, haijaagwa, ina wenyewe, nao ni ninyi mlionisikiliza. Semhando aliyelala na akaficha, Mbaruku aliyeita kwa kunong'ona, Riziki aliyeokoa milango tisa akamwacha mmoja apite, Mwanakheri aliyejua na akanyamaza. Jua limebaki ukucha. Semeni upesi: je, kati ya hao wanne, nani mngemwachia jembe?